AFYA YA AKILI YA MAMA WA MAKAMO

Katika vijiji vya Mkumbi, kama kwingineko katika milima ya Umatengo, shamba la ngoro hulimwa kwa kugawana kazi: mwanamume hufyeka majani na kuyapanga, mwanamke huchimba udongo, huyafunika, kisha hupanda maharage. Msimu wa kahawa ukifika, mama huyo huyo huchuma na kuanika. Akitimiza miaka 45 au 50 jembe halipungui uzito, na mwili wake huanza mabadiliko ambayo nyumbani hayasemwi.

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio. Joto humpanda mama ghafla, jasho humwamsha usiku. Na asiyelala hukasirika upesi na kusahau. Hayo si ugonjwa, si uvivu, wala si kurogwa. Lakini katika kipindi hicho hatari ya sonona, yaani huzuni nzito ya kudumu, huongezeka, hasa kwa aliyewahi kuiugua, au mwenye mizigo mingine: ada za watoto, mzazi mgonjwa, ujane, au fedha za kahawa alizozitolea jasho zinazopokelewa kwa jina lisilo lake.

Huzuni au kutofurahia jambo lolote kukidumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa hamu ya kula, kujilaumu au kutamani kufa, mama apelekwe zahanati au kituo cha afya. Apimwe damu pia, kwa kuwa upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana na wa sonona. Sonona hutibika kwa ushauri na, inapobidi, kwa dawa. Anayetamani kufa asiachwe peke yake.

Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, wanawake wazee waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi la zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa hao walipata nafuu.

Chama cha msingi si hospitali, lakini kina masikio. Katibu akiona mama aliyezoea kuhudhuria mikutano ameacha kuja, aulize hali yake kabla ya kumhesabu mtoro. Na mwanachama mwenye mke ashike naye jembe, na hesabu ya malipo ya kahawa waisome pamoja.