Jumamosi Moja Haijengi Mwili

Mwaka 1973 Watanzania walikusanyika kandokando ya redio, katika vikundi vya kujisomea, wakifuata kampeni ya "Mtu ni Afya". Walijifunza, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Adui wa siku zile alikuwa malaria, kuhara, safura na kichocho. Hao hawajatuacha, na juu yao wameongezeka wawili wanaoingia nyumbani bila kupiga hodi: shinikizo la damu na kisukari.

Hapa Kigoma na Ujiji wazee wetu hawakuhitaji kuhimizwa kufanya mazoezi. Mvuvi aliyepiga kasia usiku na kuvuta wavu wa dagaa, mchukuzi aliyebeba magunia bandarini, mama aliyepanda kilima na ndoo kichwani, wote hao kazi yao ndiyo iliyokuwa zoezi lao. Leo mashine imechukua nafasi ya kasia, pikipiki imetuondolea mwendo wa miguu, na karani hukaa kitini tangu asubuhi hadi alasiri. Hatuyalaumu maendeleo. Tunalosema ni kwamba jasho lililoondolewa na mashine halina budi kurudishwa kwa hiari.

Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Nao ndugu zetu wa Visiwani wamejijengea desturi njema ya vikundi vya mazoezi kukutana kila tarehe 1 Januari. Haya yote ni ya kupongezwa. Lakini na tufanye hesabu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Kwa wiki 4, dakika hizo hazipungui 600. Saa moja ya Jumamosi moja ni dakika 60. Basi kiongozi avaaye raba mara moja kwa mwezi, akapigwa picha na kurejea garini, amelipa sehemu moja tu ya kumi ya deni lake.

Tena, kukimbia peke yake hakutoshi. Mwendo wa haraka huimarisha moyo na mapafu. Kunyanyua vitu vizito hujenga misuli na mifupa, na misuli inayofanya kazi huitumia sukari iliyomo katika damu. Viwili hivi ni kama makasia ya pande mbili: ukipiga la upande mmoja tu, mtumbwi huzunguka pale pale.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa serikali watenge nyumba ya mazoezi katika kila kata, yenye mwalimu anayejua kazi yake, kipimo cha shinikizo la damu, na saa maalumu za akina mama wanaotaka sitara. Vyombo vya fahari si lazima: kamba ya kuruka, mifuko ya mchanga, na bomba la chuma lenye makopo ya saruji miishoni vyatosha kuanzia.

Mwili ni amana. Hautunzwi kwa sherehe, bali kwa haba na haba ijazayo kibaba.