Deni la pamba linapoingia kwenye viungo

MFUGAJI yeyote wa Zagayu anaijua habari hii bila kusubiri daktari amweleze. Ng'ombe aliyeswagwa kwa miguu kwenda mnadani, akashinda juani bila maji na akarudishwa nyumbani kwa kukosa bei, huanza kukohoa siku chache baadaye. Wenzake waliobaki zizini hawana neno. Vijidudu vya homa ya mapafu alikuwa navyo puani siku zote. Safari, kiu na hofu ndivyo vilivyoupunguzia mwili wake nguvu ya kuvizuia visishuke kifuani.

Binadamu naye yuko hivyo hivyo, isipokuwa safari yake ya mnadani mara nyingi iko kichwani, na inaweza kuchukua miaka.

Zagayu ni kata katika Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Fedha ya huku ni pamba. Mwandishi wa makala haya alikuwa akipita kaya kwa kaya kuuliza gharama za palizi na dawa ya wadudu, na katika nyumba moja akampokea mama wa makamo ambaye hakuweza kukunja vidole kushika kikombe.

"Mwadila, mayu. Mikono imekuwaje?"

"Mwanangu, hii ilianza ule mwaka pamba ilipolala ndani," alijibu.

Mwaka anaousema ni 2019. Bei elekezi ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Mama huyu alikuwa anadaiwa pembejeo, ada ya shule na mahindi aliyokopa dukani. Anasema alikuwa anaamka saa nane usiku na kuhesabu madeni mpaka alfajiri. Hospitali baadaye ilimwambia ana baridi yabisi ya aina ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe.

Je, bei ya pamba inaweza kumvimbisha mtu vidole? Mchumi kilimo hana kipimo cha damu, lakini swali hili limewahi kufanyiwa kazi, tena hapa hapa Afrika Mashariki.

Watafiti Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walichukua sampuli za mate ya wakulima maskini wa Kianyaga, chini ya Mlima Kenya, pamoja na mafundi vyuma wa jua kali jijini Nairobi. Katika mate walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapokuwa na msongo. Kisha wakalinganisha vipimo hivyo na picha za satelaiti zinazoonyesha mvua. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2013, yalionyesha kwamba mvua ikipungua, siku 10 hadi 20 baadaye kotisoli hupanda, na hupanda zaidi kwa mkulima kuliko kwa fundi vyuma. Kwa maneno mengine, ukame huonekana mdomoni mwa mkulima kabla haujaonekana ghalani.

Kotisoli yenyewe si adui. Ubongo ukihisi hatari, hutuma ujumbe hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni hiyo. Sukari huongezeka katika damu ili mtu apate nguvu za kumkimbia fisi, na wakati huo huo uvimbe mwilini huzuiwa usipite kiasi. Fisi akiondoka, kotisoli hushuka. Ni mpango mzuri kabisa kwa fisi. Kwa deni linaloamka nawe kila siku kwa misimu mitatu, haufai.

Hapo ndipo mambo mawili yanayoonekana kupingana hutokea pamoja. Kwanza, kinga hudhoofu. Nchini Uingereza, watu 394 waliojitolea waliwekewa matone ya virusi vya mafua puani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba waliokuwa na msongo mkubwa ndio waliougua zaidi. Pili, kinga hukosa breki. Wakulima wa pamba wanajua dawa ileile ikipuliziwa kila msimu funza wa vitumba huizoea. Mfano si kamili, lakini chembe za kinga nazo huweza kuizoea kotisoli: homoni ipo, chembe hazitii tena, uvimbe unaendelea bila wa kuuzima.

Uvimbe huo ukielekezwa kwa viungo vya mwili wenyewe, huitwa ugonjwa wa kinga kujishambulia. Katika kundi hili wamo baridi yabisi, lupasi, na kisukari cha aina ya kwanza. Usukuma, ambako sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, hatuhitaji maelezo marefu: mlinzi ni mwema mpaka usiku anapomkamata mwenye nyumba akidhani ni mwizi.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema deni ndilo lililomuuguza mama yule. Kuna urithi wa familia, kuna sigara, kuna maambukizi, na wanawake hupata baridi yabisi zaidi ya wanaume. Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2018 uliwafuatilia watu zaidi ya 106,000 waliopata maradhi yanayotokana na msongo. Kwa mwaka, takriban 9 kati ya kila 1,000 walipata ugonjwa wa kinga kujishambulia, ikilinganishwa na 6 kati ya kila 1,000 kwa wengine. Tofauti ipo, lakini wengi wenye msongo hawakuupata.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi liko madukani. Mama alinionyesha vidonge alivyokuwa ananunua senta kabla ya kufika hospitali: prednisolone. Vilimpa nafuu kwa siku mbili, na si ajabu, kwani dawa hiyo ni ndugu wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani. Ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kufungua mlango kwa kifua kikuu. Tezi zake mwenyewe nazo hulala, hivyo kuiacha ghafla kunaweza kumuangusha mtu. Mwenye duka anayeisoma kurasa hii afikirie mara mbili kabla ya kuiuza bila cheti. Na mwenye viungo vilivyovimba kwa zaidi ya wiki sita, vinavyokakamaa kila asubuhi kwa saa nzima, aende hospitali. Matibabu ya mapema huokoa viungo, na vikishaharibika havirudi.

Kwa upande wangu, nilichoweza kuzungumza naye ni hesabu. Kaya inayotegemea malipo ya mara moja kwa mwaka hukaa miezi mingi ikisubiri, na kusubiri huko ndiko kunakokula usingizi. Hakuna mkulima wa Zagayu anayepanga bei ya pamba. Anachoweza kupanga ni kitu gani kitasubiri pamba na kitu gani hakitasubiri. Bibi zetu walilijua hili: michembe iliyokauka ndani ilimfanya mtu asiuze ndama kwa bei ya kutupa mwezi wa pili.

Mama ameanza. Ekari moja ameitoa kwenye pamba akapanda dengu, na michembe ameifungia kwenye magunia mawili. Chakula hakikopi tena. Deni la pembejeo bado lipo, ila sasa ameliandika kwenye daftari, tarakimu moja, badala ya kulihesabu gizani.

Vidole havijanyooka. Kliniki yake iko Bugando, Mwanza, na nauli ya safari ijayo imo katika fedha ya dengu, ambayo amemkabidhi dada yake aitunze.