Mamba Gustave na hoja zilizotoka mbali

Gustave, mamba wa mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika huko Burundi, inasemekana ameua watu 300. Mamba mwenyewe si wa kubuni. Mfaransa Patrice Faye, aliyempa jina hilo, alimfuatilia miaka mingi, akamtegea tundu kubwa la chuma, na filamu kuhusu msako huo ikaonyeshwa 2004. Hakunaswa. Hata umri wake ulikisiwa kuwa miaka 100, mpaka ilipoonekana kuwa meno yake bado yamekamilika. Makisio yakashuka hadi kama 60. Lakini hao 300 walihesabiwa na nani? Mamba yeyote akimla mvuvi, lawama humwendea Gustave, kwa kuwa ndiye mwenye jina.

Kwa hesabu kama hiyo Kiingereza kina kivumishi chake: far-fetched. Wengi hukichukulia kuwa ni “uongo”, na hapo ndipo wanapokosea. Maana yake ya asili ni kilicholetwa kutoka mbali. Mwaka 1589 mwandishi Mwingereza George Puttenham alikitumia kwa tamathali inayoruka hatua nyingi kabla ya kuifikia maana. Kinachopimwa, basi, ni mwendo kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai; ukweli wa dai lenyewe ni suala jingine.

Ndiyo maana jambo linaweza kuwa kosa bila kustahili sifa hiyo. Ukitoka Kibenga, mtaa wa Bujumbura, kuelekea kusini utafika Mugere, penye jiwe la wapelelezi Livingstone na Stanley. Mwaka 1871 wawili hao walikuja kuangalia kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda Nile. Wakakuta maji yanaingia ziwani. Wazo likafa, ila halikuwa la kuchekwa: mto uko kaskazini mwa ziwa, na Nile iko kaskazini zaidi. (Wapo wanaosema walikutania hapo Mugere. Walikutana Ujiji.)

Kivumishi hiki huenda na hadithi, kisingizio, nadharia au ulinganisho. Mtu haitwi hivyo, hata awe mwongo wa kutupwa. Na Mwingereza akikuambia wazo lako ni far-fetched “kidogo”, hiyo “kidogo” ni adabu tu, ameshalikataa.

Waliosoma Kifaransa watakumbuka hoja “iliyovutwa kwa nywele”. Misemo hii ni ndugu, si pacha. Kifaransa kinasikika kikimshutumu aliyevuta. Kiingereza kinatazama umbali, na mtu anaweza kuwa ameileta hoja yake kutoka huko mbali kwa nia njema kabisa.