Presha haibishi hodi

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Juma hili nataka tuzungumzie adui wa moyo ambaye wengi wetu tunatembea naye nguoni bila kumjua. Adui huyo ni shinikizo kubwa la damu, lile tulilozoea kuliita presha.

Neno hili tunalitumia ovyo. Mtu akigombana na konda wa daladala husema, "Presha imenipanda." Akishikwa na kizunguzungu kwa njaa husema, "Presha imeshuka." Kwa mazoea hayo tumejijengea imani kwamba presha ni kitu cha kusikika mwilini, na kwamba ikija mwenyewe utajua. Imani hiyo ndiyo inayotumaliza.

Ninaye jirani yangu mmoja, mzee mstaafu. Siku moja alikwenda kupimwa, akaambiwa shinikizo lake ni 170 kwa 100. Akapewa vidonge, akavimeza miezi miwili, kisha akaviacha. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, dawa ni za mgonjwa. Mimi naumwa nini?" Haukupita mwaka, akaamka asubuhi mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Leo anatembea kwa mkongojo, na shamba lake analitazama akiwa amekaa barazani.

Tusimcheke mzee huyu, maana hata wakubwa wa dunia yamewakuta. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipimwa mwezi Machi 1944 na daktari wa moyo, akakutwa na shinikizo la 186 kwa 108. Moyo wake ulikuwa umetanuka na umeanza kushindwa kazi. Wakati ule hapakuwa na dawa za maana za kushusha shinikizo, na waganga wengi waliamini kwamba kupanda kwake ni jambo la kawaida la uzee. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa ameketi anachorwa picha, Rais huyo alilalamika kuumwa kichwa sana, akaanguka. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1948, Wamarekani walianza uchunguzi katika mji mdogo wa Framingham. Walichukua watu 5,209, wanaume na wanawake, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote wa moyo. Wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili, wakingoja kuona nani ataugua na nani atasalimika. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba ugonjwa wa moyo haudondoki tu kama nazi. Waliougua zaidi ni wale waliokuwa na shinikizo kubwa, wavutaji wa sigara, na wenye mafuta mengi katika damu. Baadaye kisukari, unene na kukaa bila kuushughulisha mwili viliongezwa katika orodha hiyo. Mambo haya yakikutana ndani ya mtu mmoja, madhara yake huongezeka maradufu. Mwenye presha anayevuta sigara ni kama mtu anayeendesha gari bovu usiku tena bila taa.

Kwa nini shinikizo lidhuru moyo? Moyo ni pampu, na mishipa ni mipira ya kupitishia maji. Msukumo ukiwa mkubwa mno kwa miaka mingi, kuta za mipira huchakaa na kukakamaa, na mafuta hupata mahali pa kuganda. Pampu nayo hulazimika kufanya kazi ya ziada, hutanuka, na mwisho huchoka. Mishipa ya figo, macho na ubongo hudhurika pia. Yote hayo huendelea kimya kimya, na mwenye mwili akila, akilala na kucheka kama kawaida.

Na sisi je? Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji kimoja wilayani Hai, Kilimanjaro. Karibu watu 3 katika kila 10 walikutwa na shinikizo kubwa, shamba sawa na mjini. Lakini kati ya wale waliokuwa nalo, hata mmoja katika kila watano hakufika aliyekuwa akijijua. Basi lile neno kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, tulitupe.

Ndugu msikilizaji, yapo tusiyoweza kuyabadili, kama vile umri na damu ya ukoo. Ikiwa baba au mama aliugua moyo mapema, wewe jihadhari zaidi. Lakini mengi yamo mikononi mwetu.

La kwanza ni kupima, hata kama huumwi. Keti utulie dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umeulaza mezani usawa wa moyo. Usipime mara tu baada ya kuvuta sigara au kunywa kahawa. Namba ya juu huonyesha msukumo moyo unapojikaza, na ya chini unapopumzika. Ukikutwa na 140 kwa 90 au zaidi, na ikawa hivyo tena siku nyingine, hiyo ni presha.

La pili ni chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo katika ng'onda, karanga za chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi. Kichupa cha chumvi kiondoke mezani. Tupunguze pia mafuta ya kukaangia, tuongeze mboga, maharage na matunda.

La tatu, acha sigara. Mwaka mmoja tu baada ya kuacha, ile hatari ya moyo iliyoletwa na sigara hupungua karibu nusu. Pombe nayo ipunguzwe. Na kitambi tusikiite tena dalili ya maisha mazuri. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma, hakuhitaji kiingilio.

La nne, uliyeandikiwa dawa, zimeze hata unapojisikia mzima. Unajisikia mzima pengine kwa sababu ya dawa hizo hizo. Zikikusumbua au zikikushinda bei, rudi kwa mganga mzungumze. Usiziache kimya kimya.

Na mtu akibanwa kifua kwa uzito, maumivu yakapanda mkononi au tayani huku jasho jembamba likimtoka, msimsugue dawa ya kuchua mkingoja pakuche. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Jirani yangu sasa anameza vidonge vyake kila asubuhi, na huwaambia vijana wanaopita barazani kwake, "Mimi nilingoja inibishie hodi." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma hili, ukipita karibu na zahanati, ingia ukapime.