Kabla Hujalipia Kigoda, Kipindue

Fungua Facebook jioni yoyote utakutana navyo kwenye ukurasa mmoja: kigoda cha miguu mitatu "cha babu", stuli ndefu za chuma za kaunta, na vile vifupi vya plastiki vya kukalia nje. Bei zinaruka kutoka mia chache hadi maelfu, na mara nyingi kinachozirusha ni neno moja tu, "cha kale". Kuliandika neno hilo ni bure. Gharama inakuja kwako ukishaweka PIN.

Basi tuanze na hilo neno. Wauzaji wa vitu vya kale duniani kwa kawaida huhesabu kuanzia miaka 100. Kwa hapa kwetu Mwatate, hiyo ina maana kigoda kiwe kimechongwa karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipokuwa wakipitisha reli hapa kutoka Voi kuelekea Taveta. Kigoda cha umri huo si kitu cha kuokota mtandaoni kila wiki. Kikiwepo, kuna uwezekano mkubwa kiko jikoni kwa mzee fulani huko milimani, na bado kinakaliwa.

Sasa utakijuaje? Kigoda cha asili katika jamii nyingi za Kenya huchongwa kutoka gogo moja. Kikalio na miguu ni mti uleule, hakuna msumari, hakuna gundi. Kwa hivyo kipindue. Juu, mahali watu wamekalia miaka na miaka, mti huwa laini, unang'aa, na mara nyingi umezama kidogo katikati. Chini ni habari nyingine: mti mkavu, uliofifia au mweusi kwa moshi, na alama za tezo bado unaziona. Nyayo za miguu huwa zimelika bila mpangilio, huku zaidi, kule kidogo. Kikiwa kinang'aa sawasawa juu, chini na ubavuni, uliza maswali. Rangi ya viatu na oili chafu ya gari zinaweza kukizeesha kigoda kwa mchana mmoja. Kifute kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha unuse. Pua yako haidanganyiki kirahisi.

Ufa usikutishe. Gogo zima hupasuka likikauka, na kigoda kilichopasuka kisha kikakazwa kwa waya ni kigoda ambacho mtu alikipenda kiasi cha kukitengeneza. Cha kuogopa ni vitundu vidogo vinavyomwaga unga. Kigonge juu ya gazeti. Ukiona unga mpya wa mbao umeanguka, wadudu bado wako ndani, na wakimaliza hicho watahamia kabatini kwako.

Vigoda vya Kikamba vilivyopambwa kwa nyaya ndivyo vya kuangalia kwa makini zaidi. Uchongaji wa kuuza ulienea Ukambani baada ya Vita vya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu aliporudi na ufundi aliojifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika. Huko Changamwe, Mombasa, ushirika wa wachongaji wa Kikamba upo tangu 1963. Yaani kigoda kizuri sana, cha mkono kabisa, kinaweza kuwa na umri wa wiki mbili. Hakuna ubaya wowote hapo, na mimi ningekinunua kwa furaha. Ila ningelipa bei ya kipya.

Halafu kuna kundi la katikati, vitu vya miaka thelathini, arobaini, hamsini: stuli za maabara za shule, za mafundi cherehani, za baa iliyofungwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa yako inafanya kazi zaidi, kwa sababu mbao zake zimeshakauka na hakuna anayezipigia debe. Kaa, jisukume kushoto na kulia. Kiungo kikilia, fundi atakikaza kwa gundi na kabari, lakini toa gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubali. Na usikilaumu kiti bure: cha miguu mitatu hutulia hata kwenye sakafu ya udongo, cha miguu minne kitayumba sakafu isipokuwa sawa, hata kama kimetoka kwa fundi leo.

Kipya ni rahisi, mradi ubebe futi ya kupimia. Kati ya kikalio na uso wa juu wa meza au kaunta acha sentimita 25 hadi 30. Kaunta ya sentimita 90 inataka stuli ya kama 65, na meza ya kawaida ya 75 inataka kikalio cha 45. Kigoda kifupi ni raha kando ya jiko, lakini kama mama mkubwa ana shida ya magoti, hataweza kuinuka. Kwa stuli ya chuma angalia uchomeleaji pande zote za kila kiungo, na raba chini ya miguu. Kwa ya mbao, muulize fundi mbao zimekauka muda gani. Grevilea iliyopasuliwa juzi itasinyaa na miguu italegea.

Upande wa malipo sasa. Kitu cha kale usikitumie hata deposti kwa kuona picha. Mwambie muuzaji akutumie video akikipindua, na kama kiko mbali, mkubaliane ulipe mzigo ukifika na ukishaukagua. Ukiagiza kwa fundi, deposti ni haki yake, anahitaji kununua mbao. Lipa sehemu, sio yote, na mwandikiane kwa WhatsApp: urefu, aina ya mbao, siku ya kuchukua, baki kiasi gani. Simu ikikuonyesha jina la mpokeaji, lisome. Likiwa si jina la fundi wala la duka, simama uulize kabla ya PIN. Na ujumbe wa malipo usiufute hadi kigoda kiwe kwako.

Nimeacha upande wa muuzaji mwisho kwa sababu ndio unaouma zaidi. Dalali hupanda mlimani, anamkuta nyanya peke yake, anasifu kigoda cha marehemu babu na kusema, "Nipe namba nikutumie sasa hivi." Dakika mbili pesa imeingia na kigoda kiko kwenye buti ya gari. Wapwani wenzetu Wamijikenda waliyaona haya kwa vigango vyao, nguzo za kuwakumbuka wafu, vilivyochukuliwa na kuishia Marekani. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilikabidhi 30 ili virudishwe. Kwa vitu vya kale kweli, kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inayodhibiti kuvitoa nje ya nchi.

Watu hutuuliza kama tunaweza kurudisha malipo ya namna hiyo. Kurudisha pesa kumewekwa kwa aliyetuma kwa namba isiyo sahihi. Mauziano ambayo pande mbili zilikubaliana hatuwezi kuyafuta, hata kama shangazi aliye Nairobi amepiga simu akilia. Kwa hivyo dalali akifika, mwambie arudi wiki ijayo. Piga kigoda picha juu na chini, itume kwenye kundi la familia, kila mtu aseme lake. Mkikubaliana kuuza, nyanya athibitishe salio lake mwenyewe kwenye simu, asitegemee ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya dalali, na ndipo kigoda kitoke mlangoni.