Seli zinazotuliza kinga ya mwili, na minyoo ya matende

Seli T dhibiti ni chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kuzituliza chembe nyingine za kinga. Nyingi hukomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, zikiongozwa na jeni iitwayo FOXP3. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa panya wanaozikosa hushambuliwa na kinga yao wenyewe. Mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Seli hizi hutumia njia kadhaa. Hunyonya interlukini-2, kemikali ambayo seli T shambulizi huihitaji ili ziongezeke. Zikiikosa, hudhoofika na kufa. Seli T dhibiti pia hutoa interlukini-10 na TGF-beta, kemikali ambazo hupunguza makali ya mashambulizi. Kwa protini ya CTLA-4, huzipokonya seli za dendriti, ambazo huziamsha seli T, zile protini za usoni mwake ambazo bila hizo seli T changa haziamki. Wakati mwingine huziua seli shambulizi moja kwa moja.

Faida na gharama ya utulivu huo huonekana katika matende na mabusha, maradhi yaliyozoeleka Dar es Salaam. Mbu aina ya Culex huzaliana katika vyoo vya shimo, mitaro na madimbwi ya maji machafu ya Temeke na Kinondoni, kisha humwambukiza mtu minyoo ya Wuchereria bancrofti. Minyoo iliyokomaa hukaa miaka kadhaa katika mishipa ya limfu, ikizaa mikrofilaria, yaani minyoo michanga, ambazo hujaa kwenye damu usiku, saa ambazo mbu huyo huuma.

Wengi wenye mikrofilaria hawana dalili ya nje. Minyoo huchochea seli T dhibiti na interlukini-10, kinga ikalegea: mwili unaepushwa na madhara makubwa, na minyoo inapata makazi. Utafiti wa kusini mwa India uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta hali tofauti kwa wenye matende: seli zao shambulizi ziliikabili minyoo kwa ukali, na alama za seli T dhibiti zilikuwa hafifu. Ukali huo, pamoja na bakteria wanaopenya ngozi iliyochubuka, huzidi kuiharibu mishipa ya limfu, na mguu huendelea kuvimba.

Kwa hiyo anayejiona mzima anaweza kuwa ndiye anayewapa mbu vimelea. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, ulioanzia kisiwani Mafia mwaka 2000, uligawa kingatiba ya ivermektini na albendazoli kwa jamii nzima, mara moja kwa mwaka, bila kuchagua wenye dalili. Dawa hizo hupunguza sana mikrofilaria katika damu, na zinapomezwa na watu wengi kwa miaka mfululizo, maambukizi hukatika. Mguu uliokwisha kuvimba huhitaji kuoshwa kwa sabuni kila siku, na busha huondolewa kwa upasuaji.