Utendi wa Tambuka na Suala la Ushahidi wa Historia

Utendi wa Tambuka, ujulikanao pia kwa jina la Chuo cha Herekali, ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa za Kiswahili ambazo hati zake zimehifadhiwa. Mtunzi wake ni Mwengo wa Athumani wa Pate, na hati yake moja ina tarehe ya 1141 Hijria, yaani 1728. Husimulia vita vikali baina ya majeshi ya Mtume na yale ya Herekali, mfalme wa Rumi, kulipiza kisasi cha kuuawa Jaafar. Usimulizi wenyewe ni hodari mno, na hapo ndipo penye mtego: aghalabu mwanafunzi wa fasihi huandika kwamba utendi huo "unaeleza vita vya Tabuki", kana kwamba vita hivyo vilipiganwa.

Riwaya za kale za Kiarabu zasema vingine. Jaafar aliuawa Muta, mwaka wa 8 Hijria (629), pamoja na Zayd bin Haritha na Abdallah bin Rawaha, na Khalid bin Walid akalirudisha jeshi Madina. Safari ya Tabuki ilikuwa mwaka uliofuata. Mtume alikaa huko siku chache, akapatana na watu wa Ayla, akarejea pasipo kukutana na jeshi lolote la Warumi.

Lakini kusema "riwaya za kale" hakutoshi. Marejeo ya kawaida ni kitabu cha Ibn Ishaq, aliyefariki mnamo 767, zaidi ya miaka 130 baada ya Mtume. Nacho hakikusalia kizima. Kinachosomwa leo ni nakala iliyohaririwa na Ibn Hisham, ambaye mwenyewe anakiri katika dibaji kuwa ameacha mashairi ambayo wajuzi hawakuyatambua, mambo yasiyopendeza kutajwa, na yale ambayo yangewaudhi baadhi ya watu. Sehemu nyingine zimo katika Tabari, aliyefariki 923. Tafsiri ya Guillaume ya mwaka 1955, ambayo wengi huitegemea, imezirudisha baadhi ya sehemu hizo ndani ya maandishi ya Ibn Hisham. Basi mwandishi atajaye "Ibn Ishaq" pasi na kusema ni kwa mkono wa nani, hajataja chochote. Jambo kutoonekana kwa Ibn Hisham si hoja kwamba Ibn Ishaq hakulisema.

Hadhari hiyo yahitajika zaidi penye hesabu. Ibn Ishaq anataja Waislamu 3,000 huko Muta wakikabili Warumi laki moja pamoja na Waarabu laki moja waliowaunga mkono. Idadi hiyo iandikwe kuwa ni kauli ya mpokezi. Si hesabu iliyohakikishwa. Theophanes, mtawa wa Kirumi aliyeandika mwanzoni mwa karne ya tisa, naye anataja vita vya Muta na kuuawa kwa makamanda watatu. Ushahidi huo una thamani kubwa, ila usihesabiwe upesi kuwa wa shahidi aliye huru, kwa kuwa huenda habari yake nayo ilitoka kwa Waarabu.

Utendi, kwa upande wake, haupungukiwi na kitu kwa kutokuwa tarehe ya mwaka 630. Ni ushahidi thabiti wa Pate ya 1728: yale yaliyosomwa huko, yaliyotamaniwa, na namna ushujaa ulivyofikiriwa. Muta na Tabuki hazikuunganishwa na Mwengo peke yake. Zilikuwapo kwa Kiarabu hekaya za maghazi zilizopendwa na watu wengi, ambazo Mjerumani Rudi Paret alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1930. Kazi inayomkabili mtaalamu wa Kiswahili ni kuzilinganisha hekaya hizo na utendi ubeti kwa ubeti, aonyeshe ni lipi lililopokewa na ni lipi alilolizua mshairi mwenyewe.